Mary's Boy Child: Belafonte, Jim Reeves au Boney M? Na rekodi zipi za nyimbo nyingine za Krismasi za zamani

mpanga_muziki
Wakuu, heshima kwenu. Inatakiwa orodha ya muziki wa muda wa saa tatu kwa mkusanyiko wa familia Desemba 25, kuanzia watu wanaporudi kutoka kanisani, chakula cha mchana, hadi alasiri. Watu kama 80, wazee kwa watoto. Vyombo ni spika mbili za kusimama na mikseri ndogo. Nyimbo ziwe za zamani tu, za miaka ya 1940 hadi 1981 basi.

Mvutano mkubwa uko kwenye Mary's Boy Child. Wapo wanaotaka ya Harry Belafonte, wapo wa Jim Reeves, na wapo ambao bila Boney M hakuna Krismasi. Nafasi ni ya rekodi moja, zikizidi mbili. Pia naomba mwongozo wa White Christmas na The Christmas Song, maana kila ukitafuta zinakuja rekodi chungu nzima zenye jina lilelile na mwimbaji yuleyule.

santuri_45
Mkuu, tuanze na mtunzi. Jester Hairston alikuwa mwalimu wa kwaya na mpangaji wa nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi. Muziki huu aliutunga kwanza kwa mapigo ya calypso (muziki wa visiwa vya Karibi), kwa sherehe ya siku ya kuzaliwa ya rafiki. Baadaye Walter Schumann alipomwomba wimbo wa Krismasi kwa ajili ya kwaya yake, Hairston akauchukua muziki uleule na kuuvisha maneno ya Bethlehemu. Belafonte aliusikia ukiimbwa na kwaya, akaomba ruhusa, akaurekodi 1956. Novemba 1957 ukapanda hadi nambari moja Uingereza, ukakaa hapo wiki saba, na nakala zilizouzwa nchini humo zilipita milioni moja.

Kwa hiyo wimbo una asili mbili, ngoma ya visiwani na kwaya ya kanisa, na kila mmoja wa hawa watatu amechagua upande wake. Belafonte anaimba taratibu mno, ala ziko mbali nyuma yake, kila neno linasikika. Ni rekodi ya kusikiliza, si ya kuchezea. Jim Reeves (1963) ameuchukua kama wimbo wa sebuleni: sauti nzito ya chini, mdomo karibu kabisa na maikrofoni, waitikiaji laini. Boney M (1978) wameurudisha kwenye ngoma, wakaongeza na sehemu yao ya Oh My Lord.

Angalizo la kutafuta: kwenye albamu ya Jim Reeves jina limeandikwa Mary's Little Boy Child. Ukiandika jina la kawaida pekee unaweza kuikosa, au ukaletewa ya mtu mwingine. Na ya Belafonte ipo nzima na ipo iliyofupishwa kwa ajili ya santuri ndogo. Linganisha dakika kabla ya kupakua na uchukue ile ndefu. Wimbo huu unasimulia kisa, ukikatwa kisa kinapungua.

Kura yangu: Belafonte watu wanapoingia, Boney M baada ya chakula.

Dada_Alto
Naungana na santuri_45 kuhusu Belafonte, ila kwa Boney M kuna jambo la kujua kama mnataka watu waitikie. Oh My Lord si kazi ya Hairston. Iliandikwa na Frank Farian, Fred Jay na Hela Lorin, na kwenye karatasi za kwaya za wimbo wa Hairston haimo. Waliojifunza wimbo kanisani wataimba vizuri beti na kibwagizo, halafu ikifika sehemu hiyo nusu ya ukumbi itanyamaza. Hiyo si shida ya spika, msiongeze sauti kuwafuata. Kibwagizo kikirudi wanarudi wenyewe.

Ipo rekodi yao inayopita dakika tano na ipo fupi ya kama dakika nne. Kwa watoto kucheza, wekeni ndefu. Kwa kuimba pamoja, fupi inatosha.

mzee_wa_redio
Ndugu zangu, Jim Reeves mnampita haraka mno. Redio za Kenya na Tanzania zinampiga kila Desemba na hakuna mzee asiyemjua. Albamu yenyewe ni Twelve Songs of Christmas ya 1963, RCA Victor, Chet Atkins ndiye aliyeisimamia. Reeves alifariki kwa ajali ya ndege karibu na Nashville Julai 31, 1964, miezi michache tu baada ya Krismasi ya kwanza ya albamu hiyo.

Nyimbo kumi na mbili, kama nusu saa hivi, na zimepangwa kwa akili: mwanzo Jingle Bells, Blue Christmas, Silver Bells na za aina hiyo, na mwisho ndipo zinakuja za ibada: O Little Town of Bethlehem, Mary's Little Boy Child, O Come All Ye Faithful, Silent Night. Hizo nne za mwisho zipigwe mfululizo, bila kuchanganya, dakika zile watu wanaketi na sahani bado hazijafika. Silent Night yake ni ya polepole kiasi kwamba wazee wanaweza kuimba Usiku Mtakatifu kwa Kiswahili juu yake na maneno yakaenea bila kukimbizana. Kwa Boney M hilo haliwezekani.

Tahadhari: baada ya kifo chake RCA walichukua rekodi zake kadhaa wakazibandikia ala mpya chini ya sauti ileile. Ukisikia ngoma kavu na besi nzito ambazo hazifanani na 1963, tafuta toleo lingine lenye mwaka wa asili.

Dada_Alto
Mzee, nakubali kabisa hoja ya Usiku Mtakatifu. Hizo nne ziingie. Lakini basi Mary's Boy Child zitakuwa tatu, na aliyeuliza ana nafasi ya mbili.

mzee_wa_redio
Basi aiondoe ya Belafonte. Kwa ukumbi wenye watoto wanaokimbia, utulivu ule wa Belafonte utamezwa na makelele. Reeves ana sauti iliyo karibu zaidi, inapenya hata ikipigwa chini.

santuri_45
Hapo sikubali, mzee. Watu wakitoka kanisani huwa bado wametulia, na dakika ishirini za kwanza ndizo pekee ambazo Belafonte atasikika. Akiwekwa wa tatu au wa nne kwenye orodha anatosha kabisa. Anayeweza kubaki nje ni Reeves kwa wimbo huo mmoja tu, zile tatu nyingine za ibada zikae. Hazipungukiwi kitu.

Tuje kwenye White Christmas. Ni utunzi wa Irving Berlin. Bing Crosby aliirekodi Mei 29, 1942 kwa kampuni ya Decca, akiwa na okestra ya John Scott Trotter na waimbaji wa Ken Darby. Ilitoka na filamu ya Holiday Inn na ikapata tuzo ya Oscar ya wimbo. Bamba la asili lilichakaa kwa kutolewa nakala nyingi, ndiyo maana Machi 1947 Crosby akaitwa tena na watu walewale kuirudia kwa namna ileile. Hiyo ya 1947 ndiyo iliyojaa kila mahali. Kuzitofautisha sikiliza mwanzo: ya 1947 inaanza na filimbi na selesta, kile kinanda chenye mlio wa vikengele. Zote mbili ni nzuri, ila kama ni moja chukua ya 1947, ni safi zaidi.

Jambo moja linalopaswa kujulikana ukanda wetu huu wa joto: Berlin aliandika na utangulizi unaotaja minazi, michungwa na jua la Beverly Hills. Anayeimba yuko kwenye joto, anakumbuka theluji ya kwao. Crosby hauimbi utangulizi huo, ndiyo maana wengi wanadhani wimbo ni wa mtu aliyeketi kwenye baridi.

Kinanda_Cha_Mkono
The Christmas Song: Mel Tormé na Robert Wells waliiandika 1945, wakati wa kiangazi chenye joto kali. Nat King Cole aliirekodi mara nne.

Juni 1946, watatu tu: kinanda, gitaa, besi. Haikutoka hadi 1989. Agosti 1946, watatu walewale na ala chache za nyuzi, ndiyo iliyotoka na kupendwa. Agosti 1953, okestra nzima ikiongozwa na Nelson Riddle. Machi 1961, Ralph Carmichael akiongoza okestra, na hii ndiyo ya stirio (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia).

Kwa ukumbi wa watu 80, ni ya 1961. Sauti ya Cole imekomaa na rekodi ina kina. Ya Agosti 1946 inafaa sebule ya watu sita. Ukiona toleo limeandikwa 1946 na wakati huohuo stirio, moja kati ya hayo mawili si kweli.

Ongeza pia Rockin' Around the Christmas Tree ya Brenda Lee, Nashville, 1958, akiwa na miaka 13. Vijana wanaifahamu, maana Desemba 2023 ilishika nambari moja Marekani. Na Jingle Bell Rock ya Bobby Helms chukua ya 1957 ya Decca yenye gitaa la Hank Garland. Helms aliirudia baadaye kwa kampuni nyingine na gitaa halina utamu ule.

FundiSpika
Mmeongea vizuri, sasa upande wa vyombo, maana hapa ndipo orodha nzuri huharibika.

Kwanza, stirio ya bandia. Miaka ya 1960 kampuni zilichukua rekodi za mono (sauti ya njia moja) zikazigawa, besi upande mmoja na sauti za juu upande wa pili, zikauza kama stirio. Ukumbini, walioketi kulia watapata mlio mkali na wa kushoto watapata ngurumo. Hata stirio halisi ya enzi hizo mara nyingi ina ala zote za aina moja upande mmoja. Dawa ni ileile: kwenye mikseri zungusha vitufe vya kushoto na kulia vyote katikati ili spika zote mbili zitoe kitu kimoja. Usichomoe waya mmoja ukidhani umepata mono, utakuwa umepoteza nusu ya muziki.

Rekodi ya bandia ikichanganywa hivyo inaweza kusikika kama iko ndani ya debe. Hiyo haitengenezeki, tafuta ya mono.

Pili, nguvu ya sauti. Crosby wa 1947 akifuatiwa na Boney M iliyosafishwa upya miaka ya karibuni, watu watashtuka na vijiko mkononi. Fungua nyimbo zote kwenye Audacity (programu ya kompyuta ya kuhariri sauti), tumia kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti, weka LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia) kwa kila wimbo, kisha hifadhi nakala mpya. Usitumie kile kinachopandisha kilele peke yake. Hicho hakijui sikio linasikiaje.

Tatu, kwa Jim Reeves usikate besi juu ya hezi 80 (hezi ni mitetemo kwa sekunde). Noti zake za chini ziko hapo hapo. Kama kuna mvumo wa santuri, kata chini ya 40 uishie hapo.

santuri_45
Na kwa wanaonunua Boney M: hakikisheni mwaka ni 1978 kwa wimbo ule, au 1981 kwa Christmas Album, kampuni ya Hansa. Waliokuwa wanachama walirekodi tena baadaye wakiwa na vikundi vyao na picha za jalada zinafanana. Kwenye rekodi za asili wanaosikika ni Liz Mitchell na Marcia Barrett, na sauti ya kiume ni ya Farian mwenyewe. Bobby Farrell na Maizie Williams ni wa jukwaani. Liz ndiye anayeubeba wimbo, mkisikia sauti ya mbele si yake mjue mmeuziwa nyingine.

mpanga_muziki
Nawashukuru sana wote. Belafonte wa tatu kwenye orodha, Reeves watatu wa ibada kabla ya sahani, Cole wa 1961 na Crosby wa 1947 wakati wa kula, Brenda Lee na Helms baada yake, Boney M ndefu alasiri. Swali la mwisho: kwa saa tatu zinahitajika ngapi?

FundiSpika
Nyingi za enzi hizo hazifiki dakika tatu, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ya inchi kumi ulibeba kama dakika tatu tu. Piga hesabu ya dakika mbili na sekunde 40: saa tatu ni kama nyimbo 68. Weka 75, ili usirudie. Na uzime kile kipengele cha kuunganisha nyimbo kwenye simu. Silent Night inaisha taratibu, na kikiwa kimewashwa kitaleta wimbo unaofuata juu ya mstari wa mwisho wakati wazee bado wanaimba.