Kijana wangu asema ukitupa laini na deni limekufa. Nimjibu nini?

Mama_Langoni: Assalaam aleikum. Niko Lamu. Mwanangu katimiza miaka 18, kitambulisho kakipata juzi, na tayari wenzake wa Mkunguni wamemfunza: kopa kwa simu, tumia, kisha tupa laini. Nikimtajia CRB, zile kampuni zinazoweka rekodi za wanaolipa mikopo na wasiolipa, anicheka, ati hayo ni ya watu wa Nairobi wenye magari ya mkopo. Mdogo wake wa kidato cha tatu naye masikio wazi. Nianzie wapi?

Karani_wa_Sacco: Wa aleikum salaam, dada. Deni haliandikwi kwa laini, laandikwa kwa nambari ya kitambulisho. Atupe laini kumi, jina liko pale pale. CRB ziko tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo, zote kwa leseni ya Benki Kuu. Mkopo ukipita siku 90 haujalipwa huhesabiwa mbovu, na hata akija kuulipa, doa laweza kukaa miaka 5. Yaani mpaka 23, umri wa kutafuta kazi na mashine ya boti! Waajiri wengine huitaka hati ya CRB kabla ya kukuandika kazi. Ila usimtishe kwa uongo: tangu 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halimpeleki mtu huko. Akigundua umetia chumvi, hakusikizi tena.

Duka_Mkomani: Mpe hesabu za dukani atafahamu. Kuna mteja wangu hulipa kila Ijumaa. Juzi kaomba gunia zima la mchele, sikumuuliza neno. Mwingine ana deni la sukari na unga tangu Ramadhani, akiniona apita kichochoro cha nyuma. Huyo hata kiberiti simkopeshi. CRB ni daftari hilo hilo, ila lasomwa na maduka yote.

Nahodha_Mstaafu: Mimi nina neno. Mikopo hiyo ina riba. Mbona tumfunze mtoto kuikimbilia ili apate jina zuri huko CRB? Asikope, basi.

Karani_wa_Sacco: Shekhe, hapo sikupingi. Asiyekopa haandikwi vibaya, na kijana hana haja ya kukopa ili aonekane mwema. Lakini huyo mdogo akienda chuo kwa pesa za HELB, mkopo wa serikali kwa wanafunzi, asipolipa, jina laenda CRB vilevile. Na kuna hili la kusajiliana laini: binamu hana kitambulisho, wamsajilia kwa chako. Akikopa kwa laini ile, mdaiwa ni wewe. Dada, kijana ana haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Keti naye muiombe, aone jina lake mwenyewe limeandikwa. Hilo lazipita hotuba zangu zote.

Mama_Langoni: Ahsanteni sana. Karani, hilo la binamu limenitoa jasho. Wiki jana mwanangu kamsajilia mmoja, nami nikamsifu kwa ukarimu! Bado kalala, ngoja nikamwamshe.