Disney ao Carnival na watoto? Bei inanichanganya kichwa

mama_himbi (Goma)
Jambo ba ndugu na ba dada. Niko na swali kwa wenye wameshapanda zile meli kubwa za kutembea tu, zenye unalala ndani, unakula ndani, inakuzungusha na kukurudisha pale pale. Yaya yangu (ndugu yangu mukubwa) anaishi Houston, Marekani, na mwezi wa kumi na mbili tunaenda kumuona, tutapitia Kigali. Mimi, baba watoto, watoto wawili (mmoja miaka 4, mwingine 13) na mama yetu mzee. Yaya anasema atatoa nusu ya bei lakini mimi njo nichague, Disney ao Carnival, zote zinatokea bandari ya Galveston pale si mbali na kwake. Sasa nikaangalia bei, nikafunga simu nikafungua tena, maana ya Disney iko karibu mara mbili ya ile ingine na siku ni zile zile na zote zinaenda kule kule Mexico!! Hiyo pesa ya juu inalipia nini? Ni Mickey tu? Musiniambie "chukua ya bei chini", hiyo kila mutu anajua, nataka kujua mule ndani kunapita nini. Tena mama hasikii Kingereza, hanywi pombe, na maji anayaogopa tangu zamani.

mwana_goma_texas
Dada karibu. Mimi nimepanda zote mbili na familia basi nikuambie vile niliona.

Kwanza ondoa kichwani kwamba bei ya juu ni meli mupya. Disney Galveston inakujaka kwa msimu tu, haikaagi pale mwaka muzima, na zenye zimekuja mara nyingi ni zile zao za kwanza, Magic ya 1998 na Wonder ya 1999. Carnival yenyewe iko pale mwaka muzima na ile Jubilee yao ilifika Galveston mwisho wa 2023, inabeba watu zaidi ya 5,000, hata kule juu kabisa kuko reli ya kukimbiza watu na kapikipiki (hiyo unalipia mbali). Kwa ukubwa na vitu vya kuchezea Carnival inashinda, hakuna mubishano.

Pesa ya Disney unaionaka kwenye vitu vidogo vidogo. Kabine zao nyingi choo kiko na mulango wake na bafu iko na mulango wake. Utasema aah hiyo ni nini, ngojea ile saa moja kasoro magaribi, watu wote wanataka kuoga juu ya kuenda kula na katoto kanalia kanataka choo, hapo utanikumbuka. Sukre, zile Coca na Fanta, ni bure mezani na pale kwenye mashine ya karibu na pisini, kwa Carnival unalipia kila glasi ao unanunua forfe (bei moja) ya safari yote. Kula: Disney wako na resto tatu, kila magaribi munahamia ingine na seriveri wenu anahama pamoja nanyi. Wetu, magaribi ya pili tu, alikuwa analeta sahani ya mutoto wangu nyama imeshakatwa na jus ya pomme iko pembeni, hatujasema kitu. Hiyo njo unalipia dada. Na hakuna kazino Disney, hata moja. Carnival kazino iko, na kuna pahali ndani yake wanaruhusu kuvuta sigara, kwa hiyo na mama muzee muzunguke njia ingine.

Kuhusu watoto: huyu wa miaka 4 pahali pote anakubaliwa. Disney klabu yao ya wadogo inaanzia miaka 3, Carnival inaanzia 2, zote bure, tofauti ni kwamba Carnival ikipita saa ine ya usiku unaanza kulipia kwa saa, Disney inaendelea bure mpaka karibu katikati ya usiku. Lakini huyu wa 13, mmmh. Disney atawekwa na wa 11 mpaka 14, Carnival na wa 12 mpaka 14, hapo ni sawa tu, lakini mutoto wa miaka 13 wa Himbi, kwetu Goma, umulipie mara mbili juu ya kuona princesse? Atakununia siku zote hizo.

kadutu_juu (Bukavu)
Mimi sijapanda hiyo ya Galveston, nilipanda ingine kule Ulaya na familia ya shemeji, lakini mahesabu ni yale yale. Mama Himbi, ile bei uliona kwenye simu siyo bei. Ile ni mulango. Baadaye inakuja taksi (kodi, siyo gari) na pesa ya port, kisha purbwari (bakshishi) ya wafanyakazi, na hiyo purbwari wanakata kwa kila kichwa kwa kila siku, na katoto kako ka miaka 4 ni kichwa. Kampuni zote mbili zinafanya hivyo. Kisha intaneti unalipia, pombe unalipia (nyinyi bahati yenu), picha wanakupiga bila kukuuliza na kesho yake wanakuuzia. Halafu kule ndani hakuna franga mukononi, unalipa na kadi ya kabine tu, mutu anasahau kwamba ni pesa, siku ya mwisho wanakuletea fakturi.

Basi chukua karatasi, andika Disney huku, Carnival kule, ongeza VYOTE, utaona ile "mara mbili" inapungua kidogo juu Disney sukre iko ndani na kuagiza chakula kabine ni bure, Carnival ukiagiza kabine ukitoa kile kifungua kinywa kidogo cha asubui vingi ni vya kulipia. Inapungua, haiishi. Binafsi kulipa pesa yote hiyo juu ya kukumbatiwa na panya, hapana aisee.

mwana_goma_texas
@kadutu_juu hahaha panya anafanya kazi yake we muache. Lakini kwenye karatasi uko na haki. Dada ongeza na hii: ukienda wiki za kwanza za mwezi wa kumi na mbili bei iko chini, ukisogea kwenye Noeli inapanda kama moshi, kwa zote mbili. Umuulize yaya kama anaweza kupata konje (likizo) mapema.

mwana_katuba (Lubumbashi)
Mwee ba Goma, munazunguka dunia yote na Durban iko pale? Shiye huku Lushi tunapitaka mupaka wa Kasumbalesa, Zambia, tunashuka mpaka Joburg, kisha Durban. MSC, kampuni ingine ya meli, inaendaka pale kila mwaka, kuanza mwezi wa kumi na moja mpaka batu wa kule bamalize joto yao, siku tatu ao ine, inapeleka batu Pomene na Portuguese Island, kule Msumbiji. Batoto ba chini ya miaka 18 habalipe kitanda kama banalala kabine moja na bakubwa babili, unalipia tu taksi na serivisi. Haina Disney, haina Mickey, lakini batoto banaona bahari na weye haurudi na deni. Tu viza ya Afrika Kusini uombe ya kuingia mara mingi juu meli inatoka inchi na inarudia.

mama_himbi (Goma)
@mwana_katuba asante kaka lakini yaya yangu haishi Durban 😂 nusu ya bei inatoka Houston.

Ila umenigusa pale kwa viza. Zetu tulizipata Kinshasa, tikiti za kuenda kule peke yake zilitumaliza, sitaki tutoke na meli kisha watukatalie kurudi. Na mama je? Atakula nini mule? Atazungumuza na nani? Anasema maji hayana mizizi.

mwana_goma_texas
Viza: fungua pasporti, angalia pale wameandika Entries. Ikiwa M, ni mara nyingi, muko salama kwa hiyo. Ikiwa kitu kingine usilipe hata dola moja mbele ya kuuliza kampuni na ubalozi. Mexico yenyewe haisumbui mwenye viza ya Marekani yenye iko bado na siku, lakini pasporti za wote muwe nazo mukononi, zile karatasi za kuzaliwa wenye wanatumiaka ni raia wa Marekani, yaya asikudanganye kwamba zinatosha na kwenu.

Mama: muchukulie kabine ya katikati ya meli na ya ghorofa za chini, pale inatikisika kidogo kuliko mbele na juu. Bila dirisha ni bei chini lakini mutu anaogopa maji usimufungie gizani, bora aone mwangaza. Na usimulinganishe na bato ya usiku ya Bukavu, ile ya ziwa Kivu, hii ni kitu ingine kabisa, kuko masaa unasahau kama unatembea. Kula atakula, wali uko, samaki iko, kuku iko, matunda mpaka basi, fufu njo hakuna. Pilipili beba. Kuhusu luga, wafanyakazi wanavaa kibeji chenye jina na inchi wametoka, Disney na Carnival zote. Mama yangu alikuwa ananifuata kila pahali juu nimutafsirie, mpaka siku aliona kijana ameandikwa Kenya. Kuanzia pale mimi njo nilikuwa namutafuta yeye, iko kwenye bifé wanapiga habari za bei ya mafuta ya kupikia.

kadutu_juu (Bukavu)
Na muko watu watano, usikubali kabine moja hata wakikuambia vitanda vinatoka kwenye dari. Uliza mbili zenye mulango katikati. Kwa Carnival kabine mbili zinaweza kukutokea chini ya ile moja ya Disney, pima.

mama_himbi (Goma)
Nimepima. Ni chini kweli, na ingine inabakia ya kulipia sukre na kutembea Cozumel, kile kisiwa cha Mexico. Katoto kangekuwa kenyewe tu na mama ningeenda Disney bila kugeuka nyuma, ile ya nyama kukatwa imenishika roho. Lakini huyu wa 13 nilimuonesha picha za zote mbili bila kumuambia bei, akaweka kidole kwenye reli ya kukimbiza watu. Nimemuandikia yaya Carnival, kabine mbili za mulango katikati, wiki ya kwanza ya mwezi. Anajibu "sawa" na alama ya machozi ya furaha, sijui ni juu ya sisi ao juu ya pesa.

Baba watoto anauliza kama mule wanaonesha mupira.