Tupeane uzoefu: ulijuaje kwamba unasogea kwenye gitaa la umeme?

Mwana wa Ipagala
Mbukwenyi wakuu. Nina miezi mitano na gitaa la umeme, nililinunua mkononi kwa mtu pale Majengo pamoja na ampu yake ndogo. Najifunza mwenyewe kwa video, saa moja kila usiku nikitoka kazini. Jana mdogo wangu aliyekuja likizo kanisikiliza kama dakika kumi, akauliza, "Kaka, bado uko kwenye wimbo ule ule wa Pasaka?" Sikulala vizuri. Wimbo ni ule ule kweli, lakini mkono naona si ule wa Pasaka. Au najidanganya? Mliopita huku mlijuaje kwamba mnasogea? Ulikuwa mwezi wa ngapi ulipoweza kutoka kodi ya G kwenda ya C (kodi ni nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja) bila kutazama vidole? Nataka visa vyenu, pongezi niwekeeni baadaye.

Fundi Nyuzi
Kabla hujajilaumu, gitaa limekaguliwa lini? Dodoma hii, mvua zikishaondoka, hewa inakauka mpaka Novemba huko. Mbao ya shingo inanywea, lakini freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, havinywei, ndiyo maana ukipitisha kiganja pembeni mwa shingo unakwaruzwa. Shingo yenyewe inabadili mkunjo, nyuzi zinapanda au zinaanza kugonga freti. Mwaka huu nimepokea vijana watatu waliokwisha kuamini hawana kipaji. Mmoja wao, kwenye freti ya 12 unapitisha sarafu mbili za mia mbili chini ya uzi bila kuugusa! Hapo hata mwenye miaka kumi ya gitaa atalia. Jipime hivi: gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12, piga, usikie ile sauti ya kengele. Kisha kandamiza freti hiyo hiyo bila kukaza sana, upige tena. Zikitofautiana, ni nyuzi zimechoka au daraja, pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gitaa, linataka kusogezwa. Kidole chako hakihusiki.

Dada Besi
Hilo la kiganja kukwaruzwa nilidhani ni langu peke yangu.

Kijana wa Kizota
Mkuu, kosa lako ni kuanza na umeme. Ungeanza na gitaa kavu, lisilo la umeme, vidole vikakomaa, ndiyo ukahamia huko. Wote niwajuao waliofika mbali walianza na kavu.

Dada Besi
Kijana, mtu anataka kupiga gitaa la umeme, unamrudisha kwenye kavu akatafute nini? Nyuzi za umeme ni nyembamba, mkono unapata nafasi ya kujifunza kabla ya kuumia. Mimi nilianza na kavu la binamu yangu, nikaliacha baada ya wiki tatu vidole vikiwa na malengelenge. Miaka sita ikapita bila kugusa chombo.

Kijana wa Kizota
Basi hukuwa na nia, dada.

Dada Besi
Nia yangu huijui. Ongea na mwenye mada.

Mzee wa Ridhimu
Wanangu, tulieni. Sisi tuliokua tukimsikiliza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz redioni, kila mmoja alitaka kuwa solo. Mimi aliyenifundisha aliniweka kwenye ridhimu, gitaa la kushika mapigo, mwaka mzima. Kodi mbili, tatu, usiku kucha, mpaka wacheza dansi waridhike. Nilichukia, lakini nilijua nimesogea siku nilipojikuta napiga huku namwitikia mtu salamu na mkono haukusimama. Na nyie mlioko Ugogoni mna mwalimu karibu: sikilizeni ilimba, ala yetu ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Tafuteni rekodi za Hukwe Zawose, Mgogo wetu aliyefariki mwaka 2003. Madole gumba yanapokezana, kila moja linajua zamu yake, na hakuna linalomkimbia mwenzake.

Mtumishi wa Miyuji
Mwenye mada, umenikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisema mahali popote.

Miezi saba ya kwanza nilijifunzia chumbani, Nkuhungu, kwa hedifoni, maana mwenye nyumba hakutaka kelele. Mle chumbani nilikuwa moto. Nilikuwa na kipedali cha kukwaruza sauti, na ukizidisha mkwaruzo na mwangwi, hata uzi ulioguswa kwa bahati mbaya unasikika kama ulikusudia. Nikaomba kuingia timu ya sifa. Walinipokea kwa furaha, mpiga gitaa wao alikuwa amehamia Singida kikazi.

Jumapili ya kwanza nilitetemeka. Ya pili nikachangamka. Ya tatu nikaanza kuingiza solo katikati ya maneno ya mwimbishaji. Ampu yangu iliwekwa nyuma ya miguu yangu, nikawa najisikia vizuri kabisa. Ibada ikiisha watu wananipa mkono. Mama mmoja akaniambia, "Mungu akuinue, mwanangu." Nikampigia baba Mpwapwa, nikamwambia sasa napiga gitaa kanisani.

Jumapili ya nne dada yangu akaja, akakaa benchi la nyuma, akarekodi kwa simu. Jioni akanitumia. Nasikia ngoma, kinanda, besi, waimbaji, hata mtoto aliyekuwa analia. Gitaa hakuna. Najiona nimefumba macho, nimeliinamia, vidole vinakimbia, na hakuna kitu kinachotoka. Nikarudia mara tano. Nikamwomba anitumie na wimbo wa pili. Hakuna. Kumbe fundi mitambo alikuwa ameishusha chaneli yangu tangu Jumapili ya kwanza. Wiki nne nzima! Nilikaa kitandani na viatu mguuni mpaka saa nane usiku. Na baba alikuwa amekwisha kukata tiketi ya kuja Jumapili inayofuata.

Binti wa Area C
Mungu wangu.

Kijana wa Kizota
Huyo fundi mitambo ulimfanya nini? Hiyo ni dharau ya wazi. Ningevua gitaa siku hiyo hiyo na nisirudi.

Dada Besi
Fundi alifanya kazi yake. Ibada ni ya watu wote, si chumba cha mazoezi. Kosa lake ni kunyamaza.

Kijana wa Kizota
Mtu anajifunzaje bila kusikika?

Binti wa Area C
Jamani, mwacheni amalizie. Baba alikuja?

Mwana wa Ipagala
Namsubiri na mimi. Ila wakuu mkipata nafasi, mniambie na ile F ya kulaza kidole. Hiyo inanitesa kuliko yote.

Fundi Nyuzi
F ya freti ya kwanza iache kwanza. Umbo hilo hilo lipeleke freti ya 5, inakuwa A. Pale nyuzi ni laini zaidi kulaza kidole. Ukisikia nyuzi zote sita, shuka freti moja moja kila siku chache mpaka uifikie ya kwanza.

Mzee wa Ridhimu
Mimi naona abaki hapo hapo kwenye ya kwanza mpaka ikubali.

Mtumishi wa Miyuji
Samahani, nilikuwa kazini.

Nilimfuata Jumatatu jioni, nikamkuta anakunja nyaya. Nilikwenda na hasira. Hakubishana, akanikalisha. Miksa yetu inarekodi kila chaneli hata ikiwa imeshushwa, kwa hiyo aliniwekea gitaa langu na ngoma, viwili tu. Wakuu, nilikuwa naitangulia ngoma. Kila mwisho wa mstari, pale pa kubadili kodi, nakimbia kwa hofu ya kuchelewa. Chumbani sikuwahi kulisikia hilo kwa sababu chumbani hakukuwa na mtu wa kumtangulia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliogopa kunivunja moyo. Hilo bado linaniuma, sitaficha.

Baba nilimwambia ukweli kwa simu. Akanyamaza, akasema, "Tiketi nimekwisha kukata, nakuja." Alikuja. Nikasimama na kwaya, nikaimba sauti ya tatu, gitaa likabaki nyumbani.

Baada ya hapo ni miezi mitatu ya metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo. Niliiweka mapigo 60 kwa dakika, kodi mbili tu, bila mkwaruzo wala mwangwi. Kila Ijumaa narekodi kwa simu na tarehe naitaja mwanzoni. Wiki kwa wiki sikuona tofauti yoyote. Nilipoiweka ya kwanza na ya tisa pamoja, nilisimama kabisa. Mwana wa Ipagala, mdogo wako alisikia wimbo, wewe unasikia mkono, na wote wawili mna masikio ya siku moja. Rekodi leo, utakuwa na cha kulinganisha mwezi ujao.

Siku fundi alipoipandisha chaneli hakuniambia kitu. Tulikuwa wimbo wa pili, nikasikia ukuta wa nyuma unanirudishia ridhimu yangu. Nikamtazama, akainamisha kichwa kwenye miksa yake.

Binti wa Area C
Nimesoma mara mbili. Na baba siku hiyo hakuwepo!

Mtumishi wa Miyuji
Hakuwepo. Nilimtumia rekodi.

Kijana wa Kizota
Nimekuelewa, mtumishi. Lakini wiki nne ni nyingi, hapo sirudi nyuma.

Dada Besi
Hapo tuko pamoja.

Mwana wa Ipagala
Usiku huu nimerekodi, tarehe nimeitaja. Mimi sitangulii, nachelewa kuingia C, tena kila mara. Nikitoka C kurudi G niko sawa. Sikuwahi kulijua hili. Na pembeni mwa shingo nimekwaruzwa kweli. Fundi, Jumamosi upo?

Fundi Nyuzi
Nipo mpaka saa kumi. Njoo na seti mpya ya nyuzi, zile nyembamba za 009, kwangu zimeisha.