Kifusi cha nyumba iliyobomolewa Shangani: kipi kinafaa wapi?

Muulizaji: Wakuu, kiwanjani Shangani, Mtwara, pamebaki zege la jamvi (sakafu ya chini), bloku zilizovunjika, lipu na mawe ya matumbawe ya uzio wa zamani. Nataka njia ya miguu ya mita 12 kwa 1.2, na shimo la kunyonya maji ya paa la mita za mraba 60, kabla ya mvua za Desemba. Nianzie wapi?

fundi_ligula: Tenga kwanza, mkuu. Vunja zege la jamvi liwe vipande visivyozidi ngumi. Mwaga tabaka la sentimita 10, lilowanishe, shindilia, ndipo uweke la pili. Ukimwaga yote kwa pamoja, kishindilio cha mkono hakifiki chini. Mvua ikija mchanga wa juu yake unazama kwenye mianya na njia inabonyea. Unene wa sentimita 15 baada ya kushindilia ni mita za ujazo 2.16, lakini kifusi hupungua karibu robo kikishindiliwa, kwa hiyo andaa 3. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, uelekee mbali na nyumba. Bloku zetu nyingi zina saruji kidogo: chini ya miguu sawa, chini ya gari zitasagika.

Kwenye shimo weka zege tupu, lililochekechwa na kuoshwa. Vumbi la lipu likiziba kuta za shimo, maji yanasimama. Mvua ya milimita 50 kwenye paa lako ni lita 3,000. Nafasi kati ya vipande ni kama theluthi tu, hivyo shimo linahitaji mita za ujazo 9, umbali wa mita 5 kutoka msingi.

chokaa_mikindani: Hayo matumbawe usiyafukie, tafadhali! Kuta za kale za Mikindani zinayahitaji kwa ukarabati. Ukiyajengea, tumia chokaa 1 kwa mchanga 3. Saruji hufungia unyevu ndani na jiwe linamomonyoka.

Dari ya jipsamu itoe yote, ikikutana na saruji penye unyevu zege huvimba na kupasuka. Bloku za mchanga wa pwani zisikae karibu na nondo, chumvi huzilisha kutu. Bati la asbesto usilivunje hata kidogo.

Muulizaji: Asbesto haipo. Kando ya njia kuna maua ya iksora, yatadhurika?

chokaa_mikindani: Ndiyo. Chokaa inayotoka kwenye zege huzuia mizizi kupata madini ya chuma. Majani yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Yahamishe mita 1 hivi, upande wa juu wa mteremko. Hapo kando panda bogenvilia, yenyewe huvumilia.