Tupeane uzoefu: kati ya Vienna na Bratislava, wewe huchagua usafiri gani?

Mama Tamimu (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, natumaini hamjambo. Tangu mwezi Machi dada yangu amehamia Bratislava, Slovakia, kikazi, nami naishi Vienna, Austria, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo karibu kila mwisho wa wiki mmoja wetu huvuka mpaka kumfuata mwenzake. Umbali si mkubwa, ni takriban kilomita 60 tu, lakini wingi wa njia ndio unaonichanganya: kuna treni, mabasi ya kampuni mbalimbali, boti ya mtoni, na wengine huniambia nikodi gari.

Safari yangu ya kwanza nilipanda treni iliyokuwa ya karibu kuondoka, nikashuka kituo kikuu cha Bratislava kiitwacho Hlavná stanica, kumbe dada anakaa Petržalka, ng'ambo ya pili ya mto Danube, ambako kuna treni nyingine inayotoka palepale nilipopandia. Nikalazimika kuuvuka mji mzima katika basi lililojaa, mkono mmoja umeshika kigari cha mtoto na mwingine umeshika mtoto mwenyewe. Naomba mnieleze ninyi mnachagua nini, na kwa sababu gani.

Mkaazi wa Simmering

Dada, kosa hilo tumelifanya wengi, na ramani ndiyo inayotuponza, kwa sababu huonyesha "Bratislava" kana kwamba ni kituo kimoja. Ukweli ni kwamba kutoka Wien Hauptbahnhof, kituo kikuu cha Vienna, kuna reli mbili zinazokwenda huko, kila moja kwa muda unaokaribia saa moja. Ya kwanza hupita kaskazini ya Danube, kupitia Marchegg, na kuishia Hlavná stanica. Hii ndiyo ya zamani zaidi, kwa kuwa treni ya kwanza kutoka Vienna iliingia mji huo mwaka 1848, wakati ulipokuwa bado unaitwa Pressburg. Ya pili hupita kusini, kupitia Bruck an der Leitha na Kittsee, na kuishia Petržalka. Hiyo ilikatika mpakani kwa miaka mingi ya utengano wa Mashariki na Magharibi, ikafunguliwa tena mwaka 1998.

Mimi nimesafiri kwa njia zote mbili kwa miaka sita, na swali ninalojiuliza kabla ya kukata tiketi ni moja tu: mlango ninaokwenda kubisha uko upande gani wa mto? Anayekwenda mji mkongwe anaweza kushuka Hlavná stanica na kuteremka kwa miguu kama dakika ishirini, au akapanda tramu chini ya kituo. Anayekwenda Petržalka, kama dada yako, hana sababu ya kupita Marchegg hata kama treni hiyo inaondoka mapema kwa dakika kumi. Vilevile, ikiwa unaishi Vienna upande wa Donaustadt, usijisumbue kurudi Hauptbahnhof, kwani treni ya Marchegg husimama Aspern Nord, ambako treni ya mjini ya U2 inafika.

Kuhusu nauli, ulizia tiketi ya kwenda na kurudi ya Bratislava badala ya kununua mbili za upande mmoja, kwa maana huwa nafuu. Na kama una KlimaTicket ya Austria, ile tiketi ya usafiri wa umma ya mwaka mzima iliyoanza Oktoba 2021, tayari umeshalipia safari hadi mpakani, na unaongeza kile kipande kidogo cha Slovakia tu. Nililipa nauli kamili kwa miezi minne kabla ya mwenzangu kazini kunizindua.

Mtoto wa Bukavu

Mama Tamimu, mimi ni mtu wa basi, ingawa sikuanza hivyo. Kwetu Bukavu kuvuka kwenda Rwanda ni kutembea kwa miguu juu ya daraja la Ruzizi, wala hakuna anayeangalia ratiba, kwa hiyo mwanzoni nilidhani basi la Ulaya nalo litaningojea. Siku moja nilifika kituo cha mabasi cha Erdberg hapa Vienna dakika mbili baada ya saa iliyoandikwa kwenye tiketi, nikaona mgongo wake tu likikata kona. Lililofuata lilikuwa limejaa, nami nikakaa pale baridini kwa saa mbili, na tiketi yangu ilikuwa ya basi lile lile lililoondoka, si ya jingine lolote. Tiketi ya kawaida ya treni haikufungi namna hiyo. Ukikosa treni moja, unapanda inayofuata.

Hata hivyo, basi lina jambo moja ambalo treni hizo mbili hazina, nalo ni uwanja wa ndege. Schwechat uko mashariki ya Vienna, yaani upo njiani kuelekea Slovakia, na mabasi mengi yanayounganisha miji hii husimama hapo. Wageni wetu wanaokuja kwa kupitia Addis Ababa hutua Vienna, na kama safari yao inaishia Bratislava hakuna haja ya kuwaingiza mjini na masanduku yao kisha kuwarudisha walikotoka. Wapandishe basi uwanjani, na katika muda wa chini ya saa moja watashuka chini ya daraja la Most SNP, hatua chache kutoka mji mkongwe. Mama yangu mdogo alipokuja mwaka jana, alishangaa kwamba nchi nzima imepitwa wakati yeye bado anatafuta miwani yake.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote haya nikacheka, kwani mmezungumzia mto Danube kama kizuizi cha kuvukwa, wala hakuna aliyekumbuka kuwa mto wenyewe ni njia. Tangu mwaka 2006 kuna boti ya mwendo kasi, Twin City Liner, inayoondoka Schwedenplatz katikati ya Vienna na kufunga gati Bratislava karibu kabisa na mji mkongwe. Kwenda, boti inafuata mkondo na huchukua kama dakika 75. Kurudi inapanda dhidi ya maji, na unapaswa kuhesabu kama saa moja na nusu. Mimi niliyezoea boti za Unguja na Dar es Salaam niliona mto umetulia mno, lakini pale mnapopita chini ya magofu ya ngome ya Devín, ambapo mto Morava unaingia Danube, hata mimi nilisimama.

Sitakudanganya, mwanangu: boti ni ghali kuliko treni kwa mbali, na wakati wa baridi kali haifanyi kazi. Si usafiri wa kila wiki wa mtu mwenye mtoto. Ni wa siku ambayo dada yako ana jambo la kusherehekea.

Baiskeli Moja

Nitasema kwa ufupi, kwa sababu najua mwenye mada ana mtoto mdogo. Njia ya baiskeli ya EuroVelo 6 hufuata Danube kutoka Vienna hadi Bratislava, na sehemu kubwa ni tambarare. Mimi huenda kwa baiskeli asubuhi na kurudi kwa treni jioni, kwa kuwa upepo wa bonde lile, ukikugeukia usoni, unaweza kukuharibia siku nzima. Ukipita upande wa kaskazini utavuka Morava kwa daraja la waenda kwa miguu na baiskeli lililofunguliwa mwaka 2012 kati ya Schlosshof na Devínska Nová Ves, mahali ambapo zamani mtu aliyejaribu kuvuka aliweza kupigwa risasi.

Msomaji Mkimya

Kuna jambo ambalo wote mmelipita, nalo lilinigharimu jioni nzima. Slovakia iliingia katika eneo la Schengen mwezi Desemba 2007, na watu wakazoea kuvuka bila kuonyesha chochote. Lakini kuanzia mwishoni mwa Septemba 2022 Austria ilirudisha ukaguzi kwa muda katika mpaka huo, na nilikuwa ndani ya treni nikirudi Vienna katika majira hayo, pasipoti ikiwa nyumbani na kibali changu cha ukaazi kikiwa katika koti jingine. Niliteremshwa, nikaulizwa maswali kwa adabu, na nikaachiliwa baada ya mke wangu kutuma picha za hati na taarifa zangu kuhakikiwa. Kosa lilikuwa langu. Sisi ambao si raia wa Umoja wa Ulaya tunatakiwa kuwa na pasipoti na kibali tunapokwenda nchi nyingine ya Schengen, hata siku ambazo hakuna anayekagua. Na kwa mtoto pia, Mama Tamimu: kibali chake kiwe ndani ya mkoba wako.

Mwenye Gari Kuukuu

Kuhusu kukodi gari, mimi nina langu na bado naliacha nyumbani. Barabara kuu ni nzuri, kwani A6 ya Austria ilifika mpakani Kittsee mwaka 2007, lakini unalipia stika ya barabara ya Austria na ile ya kielektroniki ya Slovakia. Kisha dada yako akija na gari Vienna, atakuta kwamba tangu Machi 2022 maegesho ya kulipia yameenea karibu mji mzima, na asiyekuwa mkaazi haruhusiwi kukaa zaidi ya saa mbili mahali pamoja siku za kazi.

Mama Tamimu

Mzee Nahodha, shikamoo, na wengine wote nawashukuru. Jumamosi iliyopita nilipanda treni ya Petržalka, pasipoti mbili na vibali viwili vikiwa mkobani. Mtoto alihesabu mitambo ya upepo ya Parndorf kwa hesabu yake ya moja, moja, moja, kisha akalala, na dada alikuwa ananisubiri kituoni kwa sababu kwake ni mwendo wa dakika nane kwa miguu. Boti tumeiweka akiba kwa siku yake ya kuzaliwa mwezi Juni. Limebaki swali moja: Jumapili jioni treni ya kurudi ilijaa sana, nikasimama na kigari mlangoni hadi Bruck. Kuna behewa maalumu?

Mkaazi wa Simmering

Lipo, dada. Tafuta mlango wenye alama ya baiskeli au ya kigari cha mtoto. Ndani yake kuna nafasi pana yenye viti vya kukunja. Petržalka ndipo treni inapoanzia safari, kwa hiyo fika robo saa kabla, utaikuta bado tupu.