Kihisi cha pembe ya mzunguko: maikrowevu, sumaku au potenshiometa?

fundi_paneli: Habari zenu wakuu. Natengeneza kifaa cha kugeuza paneli za sola zifuate jua, digrii 60 mashariki hadi 60 magharibi. Nahitaji kupima pembe ya ekseli. Potenshiometa (kipingamizi cha kuzungusha) huchakaa kwa kusuguana, na vumbi la Dodoma mnalijua. Nimesoma kuhusu rezoneta za maikrowevu, yaani saketi zinazoitikia mawimbi ya redio ya masafa fulani. Nani anazifahamu?

mama_saketi: Kaka, chukua chipu ya AS5600. Inasoma sumaku ndogo iliyobandikwa mwisho wa ekseli, hakuna kugusana. Biti 12, hatua 4096 kwa mzunguko mzima, yaani kama digrii 0.088. Sumaku iwe ile ambayo nusu ya duara ni kaskazini na nusu kusini. Ya spika haifai.

rf_kibaha: Dada yuko sahihi kwa kazi hii, ila rezoneta isidharauliwe. Chukua vibati viwili vya nusu duara vinavyotazamana, kimoja kimetulia, kingine kinazunguka na ekseli. Vikifunikana zaidi, kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) inapanda na masafa ya mwangwi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde ambayo rezoneta huitikia zaidi, yanashuka. Kapasitansi ikiwa mara nne, masafa yanabaki nusu. Hakuna sumaku wala mwanga, kwa hiyo vumbi kavu haliisumbui sana, na uga wa mota hauigusi.

Kuna aina nyingine ambapo rezoneta ikizunguka, kina cha bonde kwenye grafu ya mawimbi yanayopita ndicho kinachobadilika. Hiyo naikwepa: kina huvurugwa na kelele na upotevu wa nyaya. Masafa ni ya kuaminika zaidi.

mwana_maabara: Tuseme na ubaya wake, mkuu. Vibati vya nusu duara vinatoa jibu lile lile kwa +30 na -30, upande huujui mpaka uvipachike vianze pembeni, siyo vikiwa vimefunikana kabisa. FR4 (ubao wa kawaida wa saketi) nayo hubadilika kwa joto, na juani inachemka kweli. Halafu kusoma masafa kunataka kifaa: NanoVNA V2, kipimaji kidogo cha mkononi, inafika 3 GHz, lakini huwezi kuifungia kila paneli.

fundi_paneli: Basi ni sumaku. Ila mota yangu imekaa karibu kabisa na ekseli.

mama_saketi: Weka kihisi ncha ya pili ya ekseli, mbali na mota. Nafasi kati ya chipu na sumaku iwe milimita moja au mbili, na kishikio kiwe cha plastiki au alumini, siyo chuma.

rf_kibaha: Na ukikosa nafasi ya kuikwepa mota, rudi tuchore hiyo rezoneta. Ningependa sana kuiona ikifanya kazi shambani.