Mwanagenzi wa uchawi na kazi za kuhudumia wagonjwa

Swali: Katika riwaya ya Terry Pratchett, A Hat Full of Sky (2004), Tiffany Aching, msichana wa miaka 11, anaondoka kwao kwenda kujifunza uchawi kwa Miss Level, lakini hukuta kazi za nyumbani na za kuwatembelea wagonjwa. Je, huo ni uanagenzi wa kweli?

Jibu la kwanza: Ndiyo, na kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya kitabu, kwa sababu mchawi wa ulimwengu ule ni mtumishi wa kijiji, ambaye huzalisha wajawazito, hutibu wagonjwa na hukesha na maiti.

Jibu la pili: Naafiki. Hata hivyo vichekesho, kama vile mwalimu huyo kuwa na miili miwili, humchelewesha msomaji kuuona uzito wa mafunzo.

Muuliza swali: Nashukuru, nitaisoma upya.